Nyasi Bandia Chunya: Anza na Udongo, Kapeti Lije Baadaye

Ukitoka Mbeya mjini kwenda Chunya unapanda kwanza hadi kwenye baridi na ukungu wa Kawetire, kisha barabara inakushusha upande wa pili kwenye nchi ya jua. Mwendo haufiki hata kilomita 80, lakini aliyepanda gari amevaa sweta anateremka amelishika mkononi. Ndiyo sababu ushauri wa bustani unaotolewa Uyole, Tukuyu au Iringa haufai kuhamishiwa Chunya mzima mzima. Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni kiangazi kitupu. Kiangazi uwanja wa nyumba ni vumbi linaloingia hadi kwenye vyombo vya kabatini; mvua zikianza, uwanja uleule unageuka tope linalofuata viatu hadi sebuleni. Ukoka hustawi ukipata maji, lakini anayenunua maji kwa ndoo hawezi kuyamwaga kwenye majani wakati watoto hawajaoga.

Hapo ndipo nyasi bandia zinapovutia. Wengi wetu tulizifahamu kwenye mpira: Kaitaba kule Bukoba, Nyamagana ya Mwanza, Uhuru ya Dar es Salaam. Kutoka viwanjani zikahamia kwenye baa, saluni na hoteli, na sasa zimefika majumbani. Muuzaji anakukunjulia kapeti mbele ya duka, kijani kinang'aa, unapiga hesabu ya mita za mraba na unaona kazi itakwisha kabla ya jua kuzama.

Kwenye udongo wa mfinyanzi kazi haiishi hivyo. Kapeti lililotandikwa moja kwa moja juu ya udongo huo litapendeza hadi mvua kubwa ya kwanza. Maji yatasimama juu yake, tope litapanda kupitia matundu ya chini, na kufikia Machi utakuwa na mabonde na vilima palipokuwa tambarare. Kiangazi kikirudi, udongo utasinyaa na kupasuka, misumari italegea, na maungio yataachana. Hutakuwa umeuziwa kapeti bovu; utakuwa umelipia sehemu ya juu na kuisahau ya chini.

Ushauri wangu kwa mwenye nyumba Chunya, Makongolosi au Lupa ni huu: shughulikia kwanza udongo, pili jua, na kapeti liwe jambo la mwisho kununuliwa. Anayefuata mpangilio huo hukaa na uwanja safi kwa miaka mingi. Anayeanza na kapeti hulipa mara mbili.

Pima udongo kabla ya kupima uwanja

Si kila uwanja wa Chunya ni wa mfinyanzi. Wakulima wa tumbaku wanajua kwamba zao lao hupenda udongo mwepesi wa kichanga, na udongo wa namna hiyo upo kwa wingi wilayani. Ukiwa juu yake, nusu ya matatizo ninayoyaeleza hapa hayakuhusu. Lakini maeneo ya mabondeni, sehemu zenye udongo mweusi wa mbuga, na viwanja vilivyosawazishwa kwa udongo wa vichuguu ni habari nyingine.

Kuna vipimo vitatu visivyohitaji mtaalamu. Cha kwanza, chukua konzi ya udongo kutoka kina cha sentimita 15 hivi, ulowanishe, uufinyange hadi ulainike, kisha uusukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya kufika sentimita 2 na nusu, udongo wako ni wa wastani. Ukivuka sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi hasa.

Cha pili, chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yanywee yote, kisha lijaze tena na uangalie baada ya saa moja. Maji yakishuka chini ya sentimita 2 na nusu, uwanja wako haunyonyi maji. Utahitaji njia ya kuyatoa, wala usitegemee yazame yenyewe.

Cha tatu ni cha macho tu: ukague uwanja mwishoni mwa Septemba. Ukiona nyufa zinazoingiza kidole, jua kwamba udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Udongo wa namna hii ndio unaoinua na kushusha kila kilichowekwa juu yake, ukuta au kapeti.

Kipimo hiki cha tatu ndicho kinachoamua mwezi wa kufanya kazi. Wengi huanza Oktoba kwa sababu ni kukavu na mafundi wana nafasi. Lakini Oktoba udongo wa mfinyanzi umesinyaa hadi mwisho wake. Ukishindilia na kusawazisha juu ya udongo uliosinyaa, mvua zikija utavimba na kuinua kazi yako. Ukianza Februari utakuwa unachimba tope, na udongo uliokanyagwa ukiwa umelowa hugandamana ukawa mgumu kuliko ulivyokuwa. Wakati mzuri ni Mei na Juni: mvua zimekatika, unyevunyevu bado upo, udongo haujapasuka na hautelezi.

Chagua kivuli, usichague mandhari

Nyasi za kweli hujipoza kwa kutoa mvuke wa maji. Za plastiki haziwezi. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah, Marekani, walipima uwanja wa nyasi bandia wa chuo chao na kukuta uso wake umefika nyuzi joto 93 za Sentigredi, siku ambayo hewa ilikuwa nyuzi 37. Lami yenyewe ilikuwa na nafuu kuliko nyasi hizo. Walimwagilia maji kwa nusu saa, joto likashuka kutoka nyuzi 79 hadi 29, lakini ndani ya dakika 5 lilirudi kwenye 49, na baada ya dakika 20 lilikuwa limefika 73. Kwa hiyo anayekwambia kwamba utazipoza kwa kumwagilia maji anakupa kazi isiyoisha, tena kwa maji ambayo Chunya huna ya kuchezea.

Nyasi hizi zilipata jina duniani zikiwa chini ya paa. Mwaka 1966 zilitandikwa katika uwanja wa Astrodome, Houston. Uwanja huo ulikuwa na paa lenye vipande vinavyopitisha mwanga. Mng'ao uliwasumbua wachezaji, vipande hivyo vikapakwa rangi, na nyasi za asili zikafa kwa kukosa mwanga. Plastiki ililetwa kuziba pengo la mahali penye kivuli. Nasi tuzitumie tukikumbuka hilo.

Sasa angalia jua la kwetu. Chunya iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi kama 8 na nusu, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari. Februari kuna mawingu na mvua. Oktoba hakuna. Wakati huo ukuta wa uzio, hata uwe mrefu namna gani, hautoi kivuli saa sita mchana, maana jua liko juu kabisa. Kinachotoa kivuli saa hizo ni kitu kilicho juu ya kichwa: matawi ya mwembe au mwarobaini, au paa la kibaraza. Kisha kuanzia saa nane jua likielekea magharibi, nyumba yenyewe huanza kukilaza kivuli chake upande wa mashariki.

Kwa hiyo mahali pazuri pa kuweka nyasi bandia ni mashariki ya nyumba, chini ya mti au karibu nao. Mahali pabaya kuliko pote ni magharibi, mbele ya ukuta mweupe unaorudisha joto. Angalia pia madirisha. Vioo vinavyoakisi mwanga, vile vinavyopendwa kwenye madirisha ya alumini siku hizi, vinaweza kuukusanya mwanga wa jua na kuutupa sehemu moja hadi plastiki ikayeyuka. Ukiona mwanga mkali wa kioo unatua chini mchana, usitandike hapo.

Kama hakuna mti, panda sasa, na wakati unakua nunua kipande kidogo cha kapeti unalolitaka, hata nusu mita. Kiweke pale unapokusudia, na siku ya jua kali saa saba mchana kigandamize kwa mgongo wa kiganja. Usipoweza kuvumilia sekunde 5, mtoto anayetambaa hataweza pia. Hapo umepata jibu kwa gharama ya kipande.

Hesabu ya mita 4 kwa 5

Sishauri kufunika uwanja mzima. Mita 20 za mraba zinatosha watoto kucheza na wageni wanne kukaa. Tuchukue mita 4 kwa 5 tuone zinahitaji nini.

Utachimba kina cha sentimita 12, yaani mita za ujazo 2.4 za udongo ulioshikamana. Ukishatoka shimoni unatifuka na kufika kama mita 3. Amua mapema utaupeleka wapi, kwa sababu rundo la mfinyanzi likikaa kando ya kazi litarudishwa na mvua. Utahitaji kokoto za safu ya sentimita 8, ambazo ni mita za ujazo 1.6 zikishashindiliwa, hivyo agiza 2. Juu yake dasti, yaani vumbi la mawe linalobaki kwenye mashine ya kusaga kokoto, safu ya sentimita 3: mita 0.6, agiza 0.75. Kapeti mara nyingi huja kwa upana wa mita 2 au 4. La mita 4 litaingia bila kiungio. La mita 2 litakupa vipande viwili vya mita 5 na kiungio kimoja katikati. Mchanga wa kunyunyiza ndani ya nyasi ni kilo 5 hadi 6 kwa mita ya mraba, yaani kilo 100 hadi 120.

Ukipeleka orodha hii kwa wenye magari ya mizigo utagundua kwamba kokoto, dasti na usafiri vinaweza kukaribia bei ya kapeti, na wakati mwingine kuipita. Usishtuke. Fundi atakayekwambia kwamba kokoto si lazima amekupunguzia bili ya leo, lakini mabonde ya mwakani ni yako.

Kazi ya chini

Anza na kamba na vigingi, na uamue maji yatatokea wapi. Uwanja uinamie mbali na msingi wa nyumba, sentimita 1 na nusu kwa kila mita. Kwa mita 4 ni sentimita 6. Pima kwa mpira wa maji, ule ambao mafundi hutumia kusawazishia msingi, maana kwa umbali huo macho hudanganya. Usielekeze maji kwa jirani wala kwenye shimo la choo.

Kwenye udongo wa mfinyanzi, sehemu uliyochimba ni bakuli. Maji yanayopenya kokoto yanafika chini, yanakuta udongo usionyonya, yanakaa. Kwa hiyo kuchimba shimo la kunyonyea maji pembeni hakusaidii: utakuwa umeongeza bakuli la pili. Maji lazima yatoke nje yaonekane. Kwenye upande wa chini wa uwanja chimba mfereji wa upana wa sentimita 20 na kina cha 25, laza bomba la plastiki la inchi 3 au 4 lililotobolewa matundu, lifunikwe kwa kokoto, na liendelee hadi sehemu iliyo chini zaidi ya uwanja. Mdomo wake uzibe kwa wavu ili panya na vyura wasifanye makazi.

Ukimaliza kuchimba, ng'oa mizizi yote, shindilia udongo kidogo tu, na tandika kitambaa cha kutenganisha udongo na kokoto, kile kinachotumiwa na wajenzi wa barabara. Kazi yake ni kuzuia kokoto zisizame kwenye tope na tope lisipande. Kitambaa hicho kikikosekana, viroba vya plastiki vilivyofumwa vinafaa: vipasue, vitandaze, vipishanishe kwa sentimita 30. Vikifukiwa mbali na jua haviozi. Usitumie nailoni, kwa sababu haipitishi maji, na utakuwa umejenga bwawa.

Kokoto ziingie kwa safu mbili za sentimita 4, kila safu ishindiliwe peke yake. Kompakta ya kukodi ni bora. Kishindilio cha mkono kinawezekana kwa eneo dogo kama hili, ila kinahitaji vijana wawili wenye subira. Dasti inyunyizwe maji kidogo kabla ya kushindiliwa ili ishikamane. Ukikanyaga kwa kisigino na alama isionekane, umefika. Ukiona alama, endelea.

Kingo ziwe za tofali za saruji au zege. Mbao ni rahisi na zinapendeza, lakini Chunya ni nchi ya mchwa, na mbao iliyofukiwa ardhini ni chakula chao. Uso wa dasti ubaki sentimita 1 chini ya ukingo, ili kitako cha kapeti kijifiche na majani yajitokeze juu.

Kwa wenye udongo mweusi wa mbuga wenye nyufa pana, chimba hadi sentimita 20 na uongeze kokoto, au inua uwanja badala ya kuuchimba. Wajenzi wa barabara huchanganya chokaa kwenye udongo wa namna hii ili kuupunguzia kuvimba. Ukitaka kufanya hivyo mtafute fundi anayeijua kazi hiyo, na wote wavae glavu na miwani, maana chokaa huunguza macho.

Mchanga usiofaa kuingia nyumbani

Chunya imekuwa ikichimbwa dhahabu tangu miaka ya 1920, na si vigumu wilayani kukuta rundo la mchanga mwembamba uliokwisha kusagwa. Ni laini, unashindiliwa vizuri, mara nyingine unatolewa bure. Ndiyo maana ni lazima niseme wazi: marudio ya makarasha, yaani mchanga huo unaobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa, yasiingie kwenye uwanja wa nyumba, si kama dasti, si kama mchanga wa juu.

Wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, na mabaki yake hubaki kwenye mchanga huo. Marudio yaliyopitishwa tena kwenye mitambo yana historia ya sianidi pia. Zebaki haiozi. Ukiiweka chini ya kapeti linalopata joto kali, mahali ambapo mtoto analala kifudifudi, umeileta sumu ya machimboni hadi mlangoni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauchekechi mchanga wa tripu yako; wa kuuliza ni wewe.

Muulize dereva mchanga umetoka wapi. Mchanga wa mto uchukuliwe juu ya machimbo, kamwe si chini yake ambako maji ya kuchenjulia hupita. Usiporidhika na jibu, agiza kutoka upande wa Mbeya na ulipie usafiri. Uoshwe, ukaushwe, uchekechwe kwa wavu wa waya wa kuzuia mbu.

Chembe nyeusi za mpira wa matairi zinazoonekana kwenye viwanja vya mpira pia ziache. Zinaongeza joto, zinaingia mifukoni na masikioni mwa watoto, na Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha kanuni ya kukomesha uuzaji wa chembe hizo viwanjani baada ya muda wa mpito wa miaka 8. Wenye viwanda wakikosa soko huko watalitafuta kwingine, na si lazima liwe kwetu.

Dukani

Ukifika dukani, Mwanjelwa au Kariakoo, geuza kapeti ulione mgongo kabla ya kulisifia uso. Mgongo uwe na matundu yanayoonekana. Usio na matundu ni wa sebuleni au wa maonyesho. Vuta jani moja kwa nguvu: likitoka, mengine yatatoka. Kunja majani kwa kiganja kisha uyaachie. Yanayoinuka haraka yatavumilia miguu.

Kimo cha milimita 25 hadi 35 kinatosha nyumbani. Yale mafupi ya milimita 10 ni ya barazani, na marefu zaidi ya 40 hulala chini kwa joto na kushika vumbi lisilotoka. Chagua rangi iliyochanganyika, kijani hafifu na kahawia kidogo, kwani kijani kilichokolea hunyonya jua zaidi, na vumbi jekundu la Chunya litaonekana juu yake kila siku. Uliza dhamana ya kustahimili mionzi ya jua na uombe iandikwe kwenye risiti. Vipande vyote vitoke kwenye roli moja, maana roli mbili za jina moja zinaweza kutofautiana rangi, na tofauti hiyo utaiona ukishafika nyumbani.

Siku ya kutandika

Kunjua kapeti na liache likae wazi saa 2 au 3 ili mikunjo ilegee. Plastiki hutanuka kwa joto. Ukilikata adhuhuri likiwa limetanuka, usiku litasinyaa na kuacha nafasi ukingoni. Kukata na kuunganisha kufanyike kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Gundi nayo hukauka haraka mno kwenye jua kali, ikashika juu na kuacha ndani.

Majani ya vipande vyote yaelekee upande mmoja, kwa kawaida kuelekea pale unapokaa kuangalia. Kata kwa kisu kikali kutoka mgongoni. Kwenye kiungio usipandanishe vipande. Vikaribishe hadi nafasi ya milimita 2 au 3, weka utepe wa kuunganishia chini, paka gundi, gandamiza, na hakikisha hakuna jani lililobanwa kwenye gundi. Pembeni piga misumari isiyoshika kutu ya sentimita 15, kila baada ya sentimita 20. Kisha nyunyiza mchanga mkavu kidogo kidogo huku ukisugua kwa fagio gumu kinyume cha majani, ushuke hadi kwenye mizizi. Mchanga huo ndio uzito unaolizuia kapeti lisivimbe na unaoyasimamisha majani.

Kuishi nazo

Adui wa kwanza ni vumbi. Miezi ya Agosti hadi Novemba fagia kila wiki kwa fagio la nje, kinyume cha majani. Kabla ya mvua za kwanza fanya usafi mkubwa, kwa sababu vumbi lililojaa kati ya majani likilowa huwa tope, na tope hilo huziba matundu ya chini. Mvua ya kwanza ikinyesha, toka uangalie maji yanasimama wapi na mdomo wa bomba unatoa kiasi gani. Bonde dogo hurekebishwa siku hiyohiyo kwa kufunua ukingo na kuongeza dasti. Likiachwa msimu mzima huzaa mengine.

Adui wa pili ni moto. Jiko la mkaa likae kwenye zege, hatua kadhaa kutoka kwenye kapeti, na upande ambao upepo hauleti cheche. Kaa moja hutoboa mahali pasipozibika. Nyama choma ya wageni ifanyiwe upande mwingine wa nyumba.

Kuku wasiingie, maana hupekua mchanga na kuacha kinyesi kwenye majani. Mkojo wa mbwa au wa mtoto suuza jioni hiyohiyo. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yanatosha, mradi hayana dawa ya kung'arisha. Kapeti likichakaa usilichome: ni plastiki, na moshi wake ni wa plastiki. Kata sehemu nzima uitumie mlangoni na bafuni.

Wapo wasiohitaji

Wenzetu wa Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na majani hayaombwi kuota, wakate ukoka wao na kuendelea na maisha. Mbeya mjini na Iringa jua ni la kuvumilika, na tatizo litakuwa umande na ukungu wa kijani; msingi wa kokoto ni uleule, ila fagio lifanye kazi zaidi Juni na Julai. Mpangaji asichimbe uwanja wa mwenye nyumba: achukue kapeti fupi, aliweke juu ya zege la baraza, na siku ya kuhama aliviringishe aondoke nalo.

Na hapa Chunya, mwenye uwanja usio na mti, usio na paa, unaotazama magharibi, asinunue. Apande mti na atandaze kokoto.

Fedha zikiwa hazitoshi

Kokoto hizo zinastahili kutajwa peke yake, maana ndizo zinazowafaa wengi. Si lazima kazi yote ifanyike mwaka mmoja. Mei na Juni hii chimba, laza bomba, tandika viroba, shindilia kokoto na dasti, jenga ukingo, kisha usimame. Tayari tope limeondoka mlangoni na vumbi limepungua, kabla hujanunua hata mita moja ya kijani. Watoto wanaweza kucheza juu ya dasti iliyoshindiliwa, na kiti cha mgeni hakizami.

Acha mvua za Desemba hadi Aprili zipite juu yake. Zitakuonyesha bure kila kosa la mteremko, kila sehemu iliyoshindiliwa nusunusu, na kama bomba linafanya kazi. Rekebisha zikikatika. Mei ifuatayo, uso ukiwa bado tambarare na mti umeanza kutanua matawi, nenda kanunue kapeti. Na kama kufikia wakati huo umeridhika na dasti na kivuli, fedha ya kapeti ina matumizi mengine: tangi la kuvunia maji ya bati litakusaidia Oktoba zaidi ya plastiki yoyote ya kijani.